Fundi Aliyejua Gia Tu

Ukimpelekea mashine ya boti hakukuuliza imeharibika nini. Aliifunga kwenye ubao mnene uliochimbiwa mbele ya nyumba yake, akainama, akashika pangaboi kwa kiganja, kisha akakuambia, "Ingiza gia." Unaingiza, naye analizungusha pangaboi taratibu mpaka meno ya ndani yakutane. "Toa." Unatoa. "Haya, rudisha nyuma." Wakati wote huo anatazama ukuta, kama mtu asiye na habari na wewe. Mkono ndio uliokuwa unasikiliza. Ukimaliza anasema, "Waya umelegea," au anasema, "Fimbo ya gia imeliwa na kutu." Mara chache sana alisema, "Pole." Ukiambiwa pole na Fundi, ujue hali ni mbaya.

Sisi wa mtoni tulimwita Fundi tu. Majirani zake wa Misugusugu walimwita Fundi Meli, kwa kumcheka, maana pale kwake hapakuwa na maji ya kuelea hata bata. Mbele yake kulikuwa na duka la saruji na mabati, kushoto mchomelea mageti, kulia mama anayekaanga chipsi. Maji ya Fundi yalikuwa kwenye pipa moja lililokatwa juu, na humo ndimo alimojaribia mashine za watu. Akiwasha, pipa linachemka kama sufuria ya ubwabwa na watoto wanakimbia. Lakini mashine zilimfuata hapo hapo pakavu. Zililetwa kutoka kwetu Ruvu, zililetwa kutoka Bagamoyo, nyingine zilishushwa kwenye mabasi zimefungwa kwenye magunia kama mihogo.

Mimi nilikuwa navusha watu. Nilikuwa na boti ya faiba na mashine kuukuu, nikiwapeleka ng'ambo ya mto wakulima wa mpunga, wafugaji na madumu yao ya maziwa, na walimu wa shule ya upande ule. Baba yangu alihamia Kibaha kutoka kaskazini, kwenye milima, na hakuna aliyenifundisha maji. Nilijifunza kwa kuogopa. Mashine yangu ilinisumbua gia kila baada ya miezi michache, na hivyo ndivyo nilivyomjua Fundi kwa karibu miaka ishirini.

Alitengeneza gia tu. Ukimwambia mashine haiwaki, au inatoa moshi mwingi, anakuonyesha barabara. "Juu si kwangu," anasema. "Mimi ni wa chini, kwenye mguu." Nilimwuliza siku moja kwa nini, naye akaniambia kwamba injini ikifa katikati ya mto utapiga kasia ufike, na kila mtu ataona kwamba imekufa. "Gia inakudanganya. Injini inanguruma, wewe unajiona unakwenda, kumbe hamna kinachoshika. Huo ni uongo wa hatari, na uongo unataka mtu wake."

Alikuwa na maneno yake aliyokuwa akiyarudia mpaka tukawa tunayamalizia. La kwanza lilikuwa, "Gia haibembelezwi." Maana yake usiiingize polepole kwa huruma. Shusha moto wa mashine, kisha ingiza mara moja, kwa nguvu za kutosha. Anayeiingiza kwa kuogopa ndiye anayeyasaga meno. "Ukiisitia, nayo itakusitia," alisema. Jingine lilikuwa, "Oili haina adabu," kwa maana kwamba oili ya gia itasema siri zako mbele za watu. Kuna siku alikuja bwana mmoja na gari zuri limevuta boti, amevaa miwani ya jua, akasema gia ni ngumu kidogo tu na mashine ameihudumia vizuri mwenyewe. Fundi akafungua nati ya chini. Oili ikatoka nyeupe, nzito. Akaitazama, akamtazama yule bwana.

"Humu unapika chai ya maziwa?"

Sisi tuliokuwa tumekaa tukainamisha vichwa. Maana oili ikiwa nyeupe, maji yameingia, sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekufa zamani. Yule bwana aliitwa akashika tochi muda wote wa kazi, na alipoondoka aliaga kwa shikamoo, ingawa nadhani yeye na Fundi walikuwa rika moja.

Ukimsikia akisema namna ile ungedhani ni mtu wa kukata shauri. Hakuwa hivyo. Nje ya gia, Fundi alikuwa mtu wa kesho. Alikuwa na shamba la mikorosho na mihogo huko Maneromango alikotoka, na kila mwaka alisema masika yakiisha anarudi akalisafishe, ahamie moja kwa moja. Barabara ya huko mvua ikinyesha haipitiki, na ikikauka alikuwa na sababu nyingine. Nyumba yake ilikaa bila dirisha moja, pamezibwa kwa bati, miaka yote niliyomjua, na fremu ya dirisha hilo ilikuwa imeegeshwa ndani nyuma ya mlango. Alimpenda mjane mmoja muuza vitumbua, jambo hilo lilijulikana mtaa mzima, na alimpenda mpaka yule mama akaolewa na mtu wa Mlandizi. Nilipompa pole alisema, "Nilikuwa nataka nimwambie mwezi huu."

Na aliogopa maji. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Fundi wa mashine za boti hakuwahi kupanda boti. Nilimkaribisha mara ngapi aje aone kazi yake inavyokwenda, akanijibu kwamba kazi yake ameshaiona kwenye pipa. Hakujua kuogelea. Kuoga kwenyewe alioga kwa kopo, akijimwagia kidogo kidogo, na mvua kubwa ikipiga bati aliacha kuzungumza.

Alikuwa na binti mmoja. Mama yake alikwisha kufariki nilipoanza kwenda pale, na Fundi alimlea peke yake katikati ya grisi na spana. Binti huyu akasoma ualimu, na akapangiwa shule ile ya ng'ambo ya mto. Sisi kivukoni tulimwita Mwalimu. Alivuka Jumatatu asubuhi, akakaa huko wiki nzima kwenye nyumba ya shule, akarudi Ijumaa. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuwasogelea watu, hakufanana na baba yake hata kidogo isipokuwa vidole. Baba yake alimkataza kukaa mbele wala nyuma ya boti. Katikati tu. Kila Jumatatu Mwalimu akipanda ananiambia, "Mzee amesema katikati," na abiria wanamsogezea nafasi.

Nadhani kuanzia hapo Fundi aliitengeneza mashine yangu kwa moyo mwingine. Aliifungua hata nisipoomba. Alinifanya nimwahidi kwamba sitaongeza moto kabla gia haijashika sawasawa, na akaniuliza kama kijana anayeapishwa. Nikaahidi.

Sasa nieleze lile la mwezi mmoja, maana bila hilo sijasema lolote juu yake.

Mashine ilianza kuruka gia. Ndani ya mguu kuna gia ya mbele na gia ya nyuma, na katikati yake kuna kipande cha chuma chenye meno kinachosogea kushika hii au ile. Meno yale yakilika, hayashiki. Yanashika kidogo halafu yanaachia, boti inasimama ghafla huku injini inalia. Nilimpelekea Fundi. Akaweka kiganja, akaniambia niingize, nitoe, niingize.

"Pole," akasema.

Alipofungua alinionyesha. Meno yalikuwa yameviringika, hayana kona. Alitafuta kipande kipya Kariakoo yote, akaagiza kwa jamaa zake wa Bagamoyo, hakikupatikana. Mashine ilikuwa ya zamani mno. Nami nilikuwa nimekaa siku kumi bila kuvusha, masika yamekaribia, watu wa ng'ambo wananipigia simu kila saa, mwenyekiti wa kijiji ananipigia. Nikamsihi Fundi anifanyie chochote. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikaa na kile kipande mchana kutwa, akayachonga meno yale moja moja kwa tupa, akayanoa kwa jiwe mpaka yakapata kona, akakigeuza upande ambao haukuwa umelika sana, akafunga. Akaijaribu kwenye pipa. Ikashika.

"Sikiliza," aliniambia. Alikuwa ameshika mkono wa mashine, hajaniachia. "Hii ni ya kuchonga. Itakuvusha mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo mimi natafuta kipande. Ikiruka hata mara moja, zima, piga kasia, ilete hapa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

Niliitumia miezi mitatu.

Sikuwa na nia mbaya. Mwezi ulipokwisha ilikuwa inashika vizuri kuliko hata zamani, na kipande kilikuwa hakijapatikana, na mvua zilikuwa zimeanza, na ningeitoa mashine nani angevuka vipi? Nilijiambia kwamba Fundi ni mtu wa kuogopa maji, kwa hiyo mwezi wake ni miezi ya watu wengine. Kisha ikaruka. Ilikuwa Jumanne, nikiwa karibu na ukingo, na nilikuwa na watu wawili tu. Ikarudi yenyewe. Alhamisi ikaruka tena. Nikasema wiki ijayo nitaipeleka.

Jumatatu tulikuwa saba kwenye boti. Maji yalikuwa mekundu na mto umepanda mpaka kwenye matete, unateremsha magogo. Katikati kabisa gia ikaachia. Injini ikapiga kelele, boti ikasimama, halafu ikaanza kwenda pembeni na mto. Nikashusha moto, nikaingiza. Ikashika, ikaachia. Nikaingiza tena, na nakumbuka niliingiza polepole, kwa kuibembeleza, kinyume cha yote niliyofundishwa. Nikiwa nimeigeukia mashine, nikamsikia Mwalimu nyuma yangu akiwaambia wengine kwa sauti ya darasani, "Tulieni, tukae chini." Tukagonga gogo kwa ubavu. Boti ikalala.

Kulikuwa na mti uliozama nusu, hatua chache chini. Sita tuliushika. Mwalimu hakuushika.

Fundi alikuja mtoni siku hiyo, mara yake ya kwanza. Alikuja na pikipiki ya jirani, akasimama kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, na hakumwuliza mtu kitu. Alisimama hapo siku tatu. Jioni walimbeba kumpeleka nyumbani, asubuhi akarudi. Siku ya tatu wavuvi walimpata binti yake chini kwenye matete. Fundi alimtazama, akamfunika mwenyewe, akafunga khanga mafundo mawili. Halafu akauliza, "Mashine iko wapi?" Ilikuwa imeopolewa pamoja na boti. Akaomba ipelekwe kwake.

Polisi walipotuhoji, mimi sijui hata nilisema nini. Fundi aliulizwa kama anajua sababu. Akasema, mbele yangu na mbele ya mwenyekiti, "Kazi ile niliitoa mimi. Nilijua si nzima nikaitoa." Aliyekuwa akiandika akamtazama muda mrefu, akafunga daftari. Mzee aliyefiwa na mwanawe, nani angemfanya nini? Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Niliitazama nafasi ile ikipita.

Baada ya mazishi watu walidhani ataacha kazi. Hakuacha. Ingekuwa heri angeacha. Aliendelea kupokea mashine, kuziweka kwenye ubao, kuzifungua, lakini hakuweza tena kusema kwamba imepona. Mtu analeta mashine ya kukaza waya tu. Fundi anaukaza, anaijaribu kwenye pipa, inashika. Mwenyewe ananyoosha mkono kuichukua. "Bado," Fundi anasema. Anaifungua upya. Kesho bado, keshokutwa bado. Mashine zikajaa uani, zikajaa barazani, nyingine hazikuwa na ubovu wowote. Wenyewe walianza kwa kubembeleza, wakaishia kuja na wenzao na kuzibeba kwa nguvu, vipande kwenye ndoo. Yeye aliwafuata mpaka barabarani akiwaambia, kwa upole, "Msiitumie. Nawaomba msiitumie."

Nilimshuhudia akimwambia hivyo kijana wa Bagamoyo aliyekuwa na mashine mpya kabisa. Kijana akamjibu, "Mzee, wewe umechanganyikiwa." Fundi akasema, "Labda," akarudi kukaa.

Mimi niliuza boti. Na kila Jumapili, kwa miaka sita, nilikwenda kumwona. Nilimpelekea chupa ya maziwa, nikafagia uwanja, nikakaa. Mtaa ulinisifu. Walisema kijana wa watu, si hata ndugu yake, lakini hajamtupa. Nilizisikiliza sifa hizo na kuondoka nazo. Tulizungumza juu ya mpira, juu ya bei ya mabati, juu ya mvua. Hatukuwahi kuzungumza juu ya mashine ile. Nilijua iko ndani, chini ya kitanda chake, maana niliiona siku moja nilipofagia ndani.

Mwaka jana, Jumapili moja kabla ya vuli, nilimkuta amekaa mlangoni saa saba mchana. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Leo umechelewa."

Nilimmiminia maziwa nikamshikisha kikombe. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Labda kwa sababu hakuwa ananiona.

"Fundi, nina jambo nimekaa nalo."

"Sema."

"Uliniambia mwezi mmoja. Niliitumia miezi mitatu. Na iliruka kabla. Jumanne iliruka, Alhamisi ikaruka. Sikuizima wala sikuileta."

Alikunywa kidogo, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Meno yakiruka huacha alama," alisema. "Niliifungua wiki ile ile ya msiba. Iliruka zaidi ya mara hizo mbili. Nyingine hukuzisikia."

"Ulikuwa unajua?"

"Chuma kilikuwa mkononi mwangu. Ningekosaje kujua?"

"Mbona uliwaambia polisi ni wewe?"

"Niliwaambia kweli. Nilikupa mwezi mmoja nikijua utachukua mitatu. Wote mnafanya hivyo. Nilijua hilo, na nilijua Jumatatu nani anapanda, na bado nilikupa kwa kuwa ulikuwa unasihi na mimi nimechoka kukataa." Alitikisa kichwa. "Ningetaka kukuangushia wewe yote. Nilijaribu. Haikai."

Nilipiga magoti pale kwenye mchanga, mtu mzima, watu wanapita. "Nisamehe, Fundi."

"Nilikwisha kukusamehe. Siku nyingi."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungeacha kuja."

"Siwezi kuacha kuja."

Alipapasa mpaka akapata mahali pa kuweka kikombe. "Haya," akasema. "Nimekuambia sasa."

Tulikaa mpaka jua likapungua. Alinisindikiza hatua chache kwa kupapasa ukuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku hizi nabeba mboga kwa pikipiki, kutoka mashamba ya Ruvu mpaka sokoni Kibaha. Jumapili iliyofuata baada ya mazungumzo yale nilikuwa na homa, homa ya kweli. Ile nyingine mvua ilinyesha. Ya tatu nilikuwa na safari, na baada ya hapo sikutafuta tena sababu. Napita kona ya kwake mara nne au tano kwa wiki. Nalala vizuri, mke wangu anasema nimeanza hata kunenepa.

Jumapili iliyopita nilimwona. Alikuwa amekaa mlangoni amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu, akiinua uso kila chombo kinapokaribia. Pikipiki yangu ina mlio wake, anaujua, maana ndiyo niliyokuwa nikimwendea nayo. Nikaongeza mwendo, nikapita.